Kamba ya Kusimamisha Kazi

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwenye semina ya wenyekiti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya maji, zahanati na akiba. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali machache yaliyoulizwa.

Twajua wengine wenu mmedamka saa kumi alfajiri, mkakama ng'ombe kwanza ndipo mkashika njia. Ahsanteni sana. Tutajaribu kusema mambo mtakayoweza kuyafanya mkirudi nyumbani, maana semina za kurudi na kalamu na daftari tu, hizo mmehudhuria za kutosha.

Somo tulilopewa lina jina la Kiingereza, na jina lenyewe lilitupa shida. Ni namna ya kuendesha kazi iliyozaliwa katika viwanda vya Toyota kule Japani. Mwaka 1988 injinia Mmarekani aitwaye John Krafcik aliandika makala akaipa jina ambalo maana yake ni kitu chembamba, kama nyama isiyo na mafuta. Sasa, kwao wembamba ni sifa. Hapa kwetu ukimwambia mtu ng'ombe wake wamekonda, hiyo si salamu njema. Tena wako wakubwa wa makampuni waliolishika neno hilo juu juu, wakafuta watu kazi na kusema ati wanaondoa mafuta. Kwa hiyo leo tutasema tu "kazi isiyo na upotevu", na tutaeleza mbele kwa nini kufuta watu si shina la jambo hili.

Upotevu gani? Wajapani wana neno lao, na tafadhali msicheke: ni muda. Likiandikwa kwa herufi zetu ni hivyo hivyo, muda. Lakini kwao muda ni kazi bure, jasho lisilomfaa mtu yeyote. Ni maneno mawili yaliyokutana njiani, hayana undugu. Hata hivyo yanakaa vizuri pamoja. Mama aliyeketi kwenye benchi la zahanati tangu asubuhi akingoja kadi yake itafutwe, huyo yuko katika muda wa Kiswahili na muda wa Kijapani kwa pamoja. Injinia wa Toyota, Taiichi Ohno, aliyefariki mwaka 1990, alihesabu aina saba za upotevu: kutengeneza kupita mahitaji, kungoja, kubeba vitu huku na huku, na kadhalika. Kuna kurundika mali pia. Mwenye ghala aliyevamiwa na dumuzi hahitaji kufundishwa na Mjapani juu ya hilo.

Walioandika baada ya Ohno wakaongeza wa nane, nao ni akili ya mtu isiyotumiwa. Huo ndio tunaotaka kuuzungumza. Katika kila kikundi lipo jambo ambalo anayefanya kazi analijua, na kiongozi halijui. Wakati mwingine analijua kwa miezi. Mradi unaharibika polepole mbele ya macho ya mtu, na mtu huyo kanyamaza. Kwa nini ananyamaza? Hapo ndipo penye somo letu la leo.

Tuanze na nguo, siyo magari. Mzee Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867, mtoto wa seremala. Alitumia maisha yake kutengeneza mashine za kufuma. Shida ya mashine za wakati ule ilikuwa hivi: uzi mmoja ukikatika, mashine haijui. Inaendelea kufuma, na kitambaa kinatoka na kasoro mpaka mtu aje aone. Kwa hiyo kila mashine ilihitaji mtu wa kuikodolea macho kutwa nzima. Toyoda akaunda mashine inayosimama yenyewe uzi unapokatika. Ile ya mwaka 1924 ilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, watu waliokuwa mabingwa wa mashine hizo, ilinunua haki ya kuitengeneza. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeingiza jamaa yao katika magari, na kampuni ya magari ikaandikishwa mwaka 1937.

Shikeni hapo. Mashine ilipewa ruhusa ya kusimama. Kasoro ikionekana, kazi inasimama, na mtu anakuja kutazama uzi umekatikia wapi. Miaka mingi baadaye Toyota waliwapa wafanyakazi wao ruhusa ile ile.

Sasa twende Marekani, mji wa Fremont katika jimbo la California, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilipimwa mbele ya macho ya watu. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari hapo. Kilikuwa na sifa mbaya kabisa. Siku ya kawaida mfanyakazi mmoja katika kila watano hakuonekana kazini. Waliokuja, baadhi walikunywa pombe humo humo, na wengine waliharibu magari makusudi. Malalamiko ya chama cha wafanyakazi yalirundikana kwa maelfu. Na sheria moja haikuvunjwa: mstari wa magari usisimame. Ukiona gari linapita na mlango umefungwa vibaya, liache lipite, litatengenezwa huko mwisho. Mwaka 1982 kampuni ilikifunga kiwanda, na kila mtu akasema wale wafanyakazi ni watu wabovu.

Toyota wakaja. Mwaka 1983 walipatana na General Motors kukifungua tena kwa ubia, wakakiita NUMMI, na mnamo Desemba 1984 gari la kwanza likatoka. Jengo ni lile lile. Chama cha wafanyakazi ni kile kile. Na hapa wengi walishangaa: wengi sana kati ya walioajiriwa walikuwa wale wale watu wabovu. Katika muda wa kama mwaka mmoja magari ya kiwanda hicho yakawa miongoni mwa bora kabisa yaliyotengenezwa Marekani, na utoro ukashuka kutoka asilimia 20 na zaidi hadi kama asilimia 2.

Jamani, watu hawabadilishwi damu kwa mwaka mmoja. Kilichobadilika ni nini?

Kwanza, kabla ya kazi kuanza, viongozi wa makundi walipelekwa Japani, wakasimama kwenye mstari wa kiwanda cha Takaoka pamoja na wenyeji. Walipochelewa, mtu hakuja kuwafokea. Alikuja kuuliza kama wanahitaji msaada. Hili ni jambo dogo la kusimulia, lakini kwa mtu aliyefanya kazi miaka 20 bila kuulizwa swali hilo hata siku moja, lilikuwa jambo la kumtoa machozi.

Pili, huko Fremont ilifungwa kamba juu ya mstari wote. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta. Taa inawaka, muziki unapigwa, na kiongozi wa kundi anakuja mbio. Wakishindwa kulimaliza jambo kabla gari halijavuka mahali pake, mstari unasimama. Kiwanda kizima kinangoja kwa sababu ya mtu mmoja mwenye spana. Makundi yalikuwa madogo, watu watano au sita na kiongozi wao, ili kiongozi awe karibu. Wakubwa walikula kwenye kantini moja na wengine, na hapakuwa na mahali maalumu pa kuegesha magari yao. Tai zikavuliwa.

John Shook, Mmarekani aliyefanya kazi na Toyota wakati huo, aliandika mwaka 2010 juu ya hayo. Hoja yake ni kwamba hawakuanza kwa kuwahubiria watu wabadili mawazo. Walibadili kwanza namna kazi inavyofanywa, na mawazo yakafuata. Ukimwambia mtu "tunakuthamini" halafu ukamkataza kusimamisha kazi mbovu, ameshajua unamthamini kiasi gani. Ukimpa kamba, na akivuta unakuja, haina haja ya hotuba.

Jambo la tatu linahusu wale wanaofuta watu. Mkataba wao na chama mwaka 1985 ulisema kwamba mambo yakiharibika, mishahara ya wakubwa itapunguzwa kabla ya mfanyakazi kusimamishwa. Mwaka 1987 na 1988 gari lao halikununuliwa vyema na kazi ikapungua sana. Hakufutwa mtu. Waliokosa la kufanya walipelekwa mafunzoni au walipewa kazi ya kuboresha kiwanda. Ilibidi iwe hivyo. Mfanyakazi akikuonyesha njia ya kufanya kazi ya watu watano kwa watu wanne, nawe ukamfuta wa tano, je, utaonyeshwa tena? Siku hiyo umezima masikio yako mwenyewe.

Basi, General Motors walikuwa na kiwanda hicho ndani ya nyumba yao. Walituma mameneja kujifunza. Husimuliwa kwamba mkubwa mmoja aliagiza kila sehemu ya kiwanda ipigwe picha, wakatengeneze mfano wake mahali pengine. Walijaribu Van Nuys, kusini mwa jimbo lile lile. Lakini wapi! Wasimamizi walikuwa bado wanapimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka, wala si kwa kasoro zilizozuiliwa. Anayepimwa hivyo atakubalije mstari usimame? Wafanyakazi nao, walioishi miaka mingi kwa kuwindana na mabwana wao, waliona huo ni mtego wa kuwaongezea kazi, na hatuwalaumu. Kiwanda cha Van Nuys kilifungwa mwaka 1992. General Motors yenyewe ilikuja kujifunza baadaye, kiwanda kimoja kimoja, na ilikuwa imechelewa: Juni 2009 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na Aprili 2010 NUMMI nayo ikafungwa. Kamba unaweza kuipiga picha. Kiongozi anayekuja mbio bila hasira haonekani kwenye picha.

Mtasema, hayo ni ya magari na dola. Haya, turudi kisimani.

Wengi wenu mnaijua pampu ya mkono ya Afridev. Pampu hiyo ilitengenezwa na kujaribiwa miaka ya 1980 huko Malawi na hapa kwetu Kwale, na shabaha ilikuwa wanakijiji waweze kuifungua wenyewe. Kwa sehemu kubwa ya matengenezo spana moja yatosha. Mpira wa pistoni ukilika, mama wa kamati anaweza kuutoa na kuweka mpya bila kungoja fundi atoke mjini. Ni kifaa kilichoundwa kwa heshima ya anayekitumia. Hata hivyo mnazijua pampu za aina hiyo zilizosimama kama mnara wa ukumbusho huku watoto wakipita na mitungi kwenda mtoni.

Ohno alikuwa na desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano, bila kuridhika na jibu la kwanza. Tuifanye hapa kwa mfano. Pampu haitoi maji. Kwa nini? Mpira wa pistoni umelika kabisa. Kamati nyingi huishia hapo: nunua mpira, funga, mwisho wa habari. Lakini tuulize tena. Kwa nini uliachwa mpaka ukalika kabisa, wakati mpira hauishi kwa siku moja? Kwa sababu hakuna aliyeiambia kamati kwamba maji yanachelewa kupanda. Kwa nini? Kina mama waliona. Zamani walipampu mara chache ndoo ikaanza kujaa, siku hizi ni mara nyingi, na mabega yanauma. Walilizungumza kila asubuhi foleni. Sasa kwa nini halikufika kwenye kamati? Kwa sababu mwaka juzi binti mmoja aliripoti mpini unalegea, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa "nani ameharibu?" Na kwa nini kamati iliuliza hivyo? Kwa sababu kamati yenyewe hukutana mradi ukiharibika tu, mbele ya watu wenye hasira, na lazima atafutwe wa kubebeshwa.

Mmeona tulipofika? Tulianza na kipande cha mpira, tumefikia jinsi mwenyekiti anavyouliza swali. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, lakini mara nyingi maradhi yanafichwa kwa sababu anayeyataja ndiye anayeadhibiwa. Pesa za mpira hazikuwa tatizo kubwa. Aliyejua alikuwa hana kamba ya kuvuta.

Na gharama yake ni nini? Pampu ikifa kwa miezi mitatu, kina mama wanarudi mtoni. Kuharisha kunarudi. Wasichana wanachelewa shule. Hayo yote kwa jambo ambalo watu 30 walilijua wakiwa foleni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiongozi anayetaka kikundi chake kijifunze ni kwenda. Asiitishe mkutano, aende. Toyota wana msemo wao wa kwenda mahali penyewe kuona jambo lenyewe. Husimuliwa kwamba Ohno alikuwa akichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda, anamsimamisha meneja ndani yake, anamwambia tazama. Anaondoka. Anarudi baada ya saa kadhaa na kuuliza, umeona nini? Akijibu vibaya anaachwa pale pale. Hatusemi mwenyekiti asimamishwe kwenye duara, msitunukuu vibaya. Twasema aende kisimani saa kumi na mbili asubuhi, saa ya foleni, akae nusu saa bila kutoa amri. Ahesabu. Ndoo moja inachukua mara ngapi kupampu? Nani anasukumwa nyuma? Maji yanayomwagika yanakwenda wapi? Mwenyekiti anayeonekana kisimani siku ya wageni tu hawezi kuyajua hayo, hata akiwa na digrii.

Pengine mtauliza kama jambo hili limewahi kufaa watu wanaohudumia wenzao bila kutafuta faida. Limefaa. Huko New York kuna shirika la kugawa chakula kwa wenye njaa, Food Bank for New York City. Toyota walikuwa wakilisaidia kwa pesa, kisha wakasema, safari hii chukueni mainjinia wetu. Katika jiko lao la Harlem watu walikuwa wakingoja hadi dakika 90 kupata mlo wa jioni. Mainjinia walitazama wakaona kwamba watu waliingizwa kumi kumi, na viti vilivyoachwa wazi vilikaa hivyo mpaka kumi wengine waitwe. Wakashauri kila kiti kikiachwa aingie mtu mmoja, pawe na mahali pa kungojea ndani, na mhudumu mmoja awe na kazi ya kuangalia viti tu. Kungoja kukashuka hadi dakika 18. Habari hizo zilichapishwa katika gazeti la New York Times mwaka 2013. Hapakujengwa ukuta hata mmoja.

Na majirani zetu Tanzania walianza mwaka 2007 katika hospitali ya rufaa ya Mbeya, kwa msaada wa Wajapani na kwa kufuata mfano wa hospitali moja ya akina mama huko Colombo, Sri Lanka. Mpango huo wa Kijapani una hatua tano zinazoanza kwa herufi S, nao Watanzania wakazipata tano za Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yaani toa visivyotakiwa, panga vilivyobaki, safisha, weka utaratibu mmoja, kisha usiuache. Kadi za wagonjwa mahali pake, dawa mahali pake. Tunawapongeza kwa lugha peke yake! Ila mtu yeyote aliyewahi kupanga stoo ya kikundi atakwambia nne za kwanza hazina shida. Kushikilia ndiko kunakotaka kiongozi, maana baada ya miezi miwili jembe limerudi juu ya gunia la mbegu.

Tusiwapambe sana hao Toyota. Mwaka 2009 na 2010 waliita mamilioni ya magari yao yarudi kwa sababu ya kasoro. Februari 2010 mkuu wao, Akio Toyoda, kitukuu wa mfuma nguo tuliyemtaja, aliitwa mbele ya Bunge la Marekani, na miongoni mwa aliyoyasema ni kwamba kampuni ilikua kwa kasi kuliko ilivyoweza kuwafundisha watu wake. Kikundi chenye kisima kimoja kinachosikilizana hupewa fedha za visima saba, na baada ya miaka miwili hakuna anayejua nani anashika spana ya wapi. Tumeyaona hayo mahali pengi.

Sasa maswali.

Mzee mmoja wa kamati ya maji aliuliza: mkimpa kila mtu kamba, heshima itabaki wapi? Mtoto wa juzi atamsimamisha mwenyekiti? Mzee, swali lako ni la haki. Kule Fremont kamba ilipovutwa, mstari haukusimama papo hapo. Kwanza taa iliwaka na kiongozi akaja, na mara nyingi walimaliza jambo bila mstari kusimama. Kamba inamwita kiongozi, haimng'oi. Kijana akikuita wewe, mzee, uje utazame mpini unaolegea, amekuheshimu. Ambaye hakuheshimu ni yule aliyeona akapita zake akisema ni shauri yao.

Mweka hazina mmoja, mama, aliuliza jambo gumu zaidi. Alisema mfadhili wao anataka ripoti yenye mambo mazuri, na wakiandika kwamba pampu ilisimama wiki tatu, pesa za mwaka ujao zitakwenda kwa jirani. Hatukumdanganya kwamba hilo haliwezi kutokea. Fomu nyingi za wafadhili zina mahali pa kuandika idadi ya visima, hazina mahali pa kuandika siku ambazo maji hayakutoka. Mfadhili wa namna hiyo ni kama General Motors, anahesabu magari yanayotoka. Ushauri wetu ni kuandika kasoro pamoja na hatua iliyochukuliwa na tarehe yake: iliripotiwa Jumatatu, imefungwa mpira mpya Jumatano. Wako watakaoogopa. Wako pia, na sisi tumekutana nao, wanaofurahi kumpata mtu mmoja hatimaye anayewaambia ukweli. Na hata akikosekana wa namna hiyo, kamati yenyewe iwe na kitabu chake cha ukweli, tofauti na ripoti, kisomwe na wanachama wote.

Mwingine akataka kujua aanzie wapi, maana hana taa wala muziki. Anza na kengele ya baiskeli ukipenda. Anza na daftari la shilingi chache lililofungwa kwa uzi kwenye nyumba iliyo karibu na kisima. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule amwandikie. Tarehe, kasoro, aliyeona. Karibu yake aandikwe mtu mmoja wa kamati ambaye lazima afike kabla ya jua la kesho yake kuzama, aweke sahihi kwamba amefika na ameona. Hata akiwa hana pesa ya kutengeneza, afike. Akikosa kufika mara mbili, jina lake lisomwe kwenye mkutano. Jina la aliyeripoti lisisomwe ila kwa kushukuriwa. Na katika mkutano lile swali la "nani ameharibu" lifutwe kabisa kwenye ajenda, pawekwe "imeharibikaje?"

Mama mmoja akacheka akasema daftari litajaa malalamiko wiki ya kwanza. Litajaa, mama. Kule Fremont pia, mwanzoni kamba zilivutwa kila mara. Daftari likikaa jeupe mwezi mzima ndipo mje mtuite, hapo kuna jambo.

Kabla ya chakula, kila kikundi kikae peke yake, mkubaliane daftari litawekwa nyumba gani na nani atakuwa wa kwanza kuitwa. Tukiwatembelea mwezi ujao tutaomba kuona daftari hilo kabla ya kitabu cha risiti.